Nairobi hadi Mombasa: Kilomita ni zile zile, saa ndizo hubadilika

UKIULIZA umbali ulioko kati ya Nairobi na Mombasa utajibiwa kwa wepesi: kilomita 480 na ushei kwa barabara. Ukiuliza safari yenyewe huchukua muda gani, utapata majibu mengi kama watu uliowauliza. Aliyeshuka kwenye ndege atasema saa moja. Dereva wa basi atasema saa nane, Mungu akijalia. Naye mwenye lori huenda akacheka tu.

Majibu yote hayo yana ukweli ndani yake, na hapo ndipo msafiri hukosea. Hesabu yake huifanya kwa kilomita, au kwa muda ulioandikwa kwenye tikiti, ilhali saa nyingi za safari hii hupotelea mahali ambapo hakupatilia maanani.

Chukua mfano wa mtu anayepigiwa simu jijini Nairobi saa kumi na mbili asubuhi. Mzazi wake ameaga dunia usiku huko Mombasa, na kwa kuwa Waislamu huharakisha maziko, mazishi ni leo hii baada ya swala ya alasiri. Ana muda wa saa tisa na ushei kufika. Je, apande ndege, garimoshi au basi? Akikosea hesabu hii leo, hataweza kuirekebisha kesho.

Si maziko pekee. Kuna anayeitwa kwa mahojiano ya kazi, mwenye kesi mahakamani, mgonjwa aliyepewa siku ya kumwona daktari bingwa na mwanafunzi anayeripoti shuleni. Makala haya yanaeleza umbali halisi kati ya miji hii miwili, muda unaotumika kwa kila njia, na sababu za muda huo kurefuka.

Umbali wenyewe

Ukipiga mstari ulionyooka kwenye ramani kutoka katikati ya jiji la Nairobi hadi kisiwani Mombasa, utapata takriban kilomita 440. Kati ya viwanja vya ndege umbali unapungua kidogo na kuwa kama kilomita 420. Hii ni kwa sababu Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta (JKIA) uko Embakasi, upande wa mashariki mwa jiji, nao Uwanja wa Moi uko bara, magharibi mwa kisiwa cha Mombasa.

Reli ya kisasa, maarufu kama SGR, ina urefu wa takriban kilomita 470. Barabara kuu ni kilomita 480 hadi 485, kutegemea mahali unapoanzia na unapokomea. Reli ya zamani iliyojengwa na Waingereza ilikuwa ndefu kuliko zote, zaidi ya kilomita 520, kwa kuwa ilijipinda kufuata miinuko na mabonde.

Ikumbukwe kuwa Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Anayekwenda Mombasa huteremka, naye anayerudi hupanda. Tofauti hiyo haionekani sana kwa gari dogo, lakini lori lililosheheni kontena kutoka bandarini huisikia katika kila mlima, na magari yaliyo nyuma yake huisikia pia.

Ujenzi wa reli ya zamani ulianza Mombasa mwaka 1896, na reli ikafika Nairobi mnamo Mei 1899. Barabara ya leo huandamana na njia hiyo kwa sehemu kubwa, na majina ya vituo yangali yanasimulia historia. Mackinnon Road ni kumbukumbu ya William Mackinnon, mwenye kampuni iliyochonga barabara ya awali kuelekea bara katika miaka ya 1890. Sultan Hamud ni jina la Sultani Hamoud wa Zanzibar, aliyetawala kuanzia 1896 hadi 1902.

Kwa miaka mingi garimoshi la reli hiyo liliondoka Nairobi jioni na kuwafikisha abiria Mombasa asubuhi ya siku iliyofuata. Safari ilipangiwa zaidi ya saa kumi na mbili, na mara nyingi ilipitiliza. Huduma hiyo ya abiria ilikoma mwaka 2017, reli mpya ilipoanza kazi.

Kwa ndege

Ndege ya injini za jeti hukaa angani kwa dakika 45 hivi kati ya Nairobi na Mombasa. Ndege za rafadha huchukua muda zaidi kidogo. Ratiba za mashirika huandika saa moja, zikihesabu pia muda wa ndege kujongea kwenye njia ya kurukia na kuegeshwa. Siku isiyo na mawingu, abiria aliyeketi upande wa kulia akielekea Mombasa huuona mlima Kilimanjaro kabla hajamaliza chai yake.

Hata hivyo, saa hiyo moja ndiyo sehemu fupi ya safari. JKIA iko kama kilomita 15 kutoka katikati ya jiji. Alfajiri utafika kwa nusu saa. Saa za watu kwenda na kutoka kazini, foleni ya Barabara ya Mombasa yaweza kukuzuia kwa saa moja na zaidi. Barabara ya kulipia ya Nairobi Expressway, yenye urefu wa kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands na ambayo ilianza kutumika mwaka 2022, imepunguza adha hiyo kwa wanaomudu ada yake.

Ukifika langoni, abiria hushuka garini na kukaguliwa, kisha kuna foleni ya mizigo na ukaguzi wa pili. Ni busara kuwa uwanjani saa moja unusu hadi mbili kabla ya ndege kuondoka. Ukitua Mombasa utasubiri mkoba wako, kisha utafute gari la kukupeleka kisiwani kupitia Changamwe na Makupa, mahali ambapo malori ya bandari nayo yanapita.

Ukijumlisha yote, kutoka mlango wa nyumba Nairobi hadi mlango wa nyumba Mombasa ni saa nne unusu hadi tano. Kati ya hizo, ni moja tu uliyokuwa angani.

Anayekwenda Diani au kwingineko Kwale ana njia nyingine. Kuna ndege zinazotua katika uwanja mdogo wa Ukunda, baadhi zikiondokea Uwanja wa Wilson. Mtu huyo huepuka kuingia Mombasa na kuvuka kwa feri ya Likoni. Wanaotoka bara kwa gari nao wanaweza kupitia barabara ya Dongo Kundu, inayounganisha Miritini na pwani ya kusini bila kugusa kivuko.

Ndege pia ina siku zake mbaya. Mnamo Septemba 2024, mgomo wa wafanyakazi ulikwamisha shughuli za JKIA na kuwaacha abiria wengi nje ya milango. Ndege ikiahirishwa, msafiri wa maziko hana pa kufidia muda aliopoteza, kwani basi na garimoshi la asubuhi zitakuwa zimeshaondoka.

Kwa reli

Garimoshi la Madaraka Express lilizinduliwa Mei 31, 2017 na Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta. Mwendo wake wa juu kwa abiria ni kilomita 120 kwa saa. Lile la moja kwa moja huchukua saa tano hadi tano unusu. Lile la asubuhi linalosimama katika kaunti za njiani, katika vituo kama Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi na Mariakani, hukaribia saa sita.

Sifa kuu ya reli si mwendo bali uhakika. Garimoshi halipangi foleni nyuma ya lori, halisimamishwi kwenye vizuizi wala halizuiliwi na mtu aliyeegesha gari vibaya. Ukiambiwa litafika saa nane mchana, unaweza kumwambia mwenyeji wako aandae chakula.

Tatizo lake liko kwenye ncha mbili. Kituo cha Nairobi kiko Syokimau, nje ya jiji, na kile cha Mombasa kiko Miritini, nje ya kisiwa. Kutoka katikati ya Nairobi kuna garimoshi la kuunganisha hadi Syokimau, na matatu pia zipo. Aidha, abiria hutakiwa kuonyesha kitambulisho na kupitia ukaguzi wa mizigo unaohusisha mbwa wa kunusa. Anayefika kituoni dakika kumi kabla ya safari huenda akaliona garimoshi likimpungia mkono.

Kwa hesabu kamili, safari ya reli ni saa saba unusu hadi saa nane na nusu kutoka nyumba hadi nyumba. Kuanzia Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida kati ya miji hii miwili ilipanda kutoka Sh1,000 hadi Sh1,500, na ya daraja la kwanza kutoka Sh3,000 hadi Sh4,500. Tikiti hukatwa kwa simu au mtandaoni, na wakati wa Pasaka, likizo za shule na Desemba huisha siku nyingi kabla. Anayeamka na kuihitaji siku hiyo hiyo asiweke matumaini yote hapo.

Kwa barabara

Kilomita 485 kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, ambao ndio upeo unaoruhusiwa mabasi na malori, ni saa sita na dakika chache. Hiyo ni hesabu ya darasani. Kwa kweli, basi huchukua saa nane hadi kumi, na gari dogo huchukua saa saba hadi nane pamoja na mapumziko. Saa hizo za ziada hutoka wapi?

Kwanza ni kutoka Nairobi kwenyewe. Kuanzia River Road au Machakos Country Bus hadi upite Mlolongo na Athi River, basi la asubuhi laweza kutumia saa nzima. Mlolongo, kama jina lake linavyodokeza, ulijulikana kwa foleni za malori yaliyokuwa yakisubiri mizani.

Pili ni malori. Hii ndiyo njia ya shehena ya Kenya, Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki mwa Kongo. Ukishapita makutano ya kuelekea Machakos, sehemu kubwa ya barabara ina njia mbili tu, moja ya kwenda na moja ya kurudi. Lori moja linalojikokota mlimani huburura nyuma yake mabasi matano na magari madogo kumi.

Tatu ni vituo. Emali iko kama kilomita 125 kutoka Nairobi. Baada yake huja Makindu, penye hekalu la jamii ya Sikh lililojengwa mwaka 1926, ambalo kwa miaka mingi limewakirimu wasafiri wa kila dini kwa chakula. Mtito Andei iko karibu nusu ya safari, na mabasi mengi husimama hapo abiria wale na kujinyoosha. Dakika ishirini za kondakta mara nyingi huwa arubaini.

Kuanzia Mtito Andei hadi Voi, takriban kilomita 150 kabla ya Mombasa, barabara hupita kati ya mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Hapo dereva wa usiku hutahadhari ndovu, kwani mnyama huyo hana taa za nyuma. Baada ya Voi huja Maungu, Mackinnon Road, Taru na Samburu, nyika iliyonyooka inayomlevya dereva kwa usingizi.

Nne ni lango la Mombasa. Mariakani kuna mizani, na kutoka hapo hadi Changamwe ni kilomita zisizofika 40 ambazo siku mbaya huchukua saa mbili. Wasafiri wengi hudhani wamefika wanapohisi joto la Pwani. Wengi wao hukosa miadi wakiwa wanaiona Mombasa.

Mvua nayo ina lake. Mnamo Novemba 2015, mvua iliharibu sehemu ya barabara iliyokuwa ikitengenezwa upande wa Pwani, na foleni iliyotokea ikawakwamisha wasafiri kwa zaidi ya siku moja.

Mwendo hauokoi muda mwingi

Mwandishi wa makala haya amehariri habari za ajali za barabara hii kwa miaka mingi kiasi cha kujua sentensi ya pili kabla hajaisoma: gari lilikuwa likijaribu kulipita lori. Majina ya mahali hubadilika, idadi ya waliofariki hubadilika, lakini sentensi hiyo haibadiliki.

Tuitazame basi hesabu ya dereva anayetaka kufidia muda. Katika kipande cha kilomita 20, anayekwenda kilomita 80 kwa saa hutumia dakika 15. Anayekwenda 100 hutumia dakika 12. Ameokoa dakika tatu, iwapo barabara ni tupu, na barabara hii si tupu. Mbele kuna lori jingine, naye atasimama nyuma yake akiwasubiri wale aliowapita.

Kwa upande wa pili, umbali unaohitajika kusimamisha gari kwa breki haukui kwa kadiri ya mwendo tu. Mwendo ukipanda kutoka 80 hadi 100, umbali wa breki huongezeka kwa zaidi ya nusu. Kwa dakika tatu, dereva amenunua hatari ambayo abiria wake hawakuilipia nauli.

Serikali imejaribu kudhibiti hali hii mara kadhaa. Mnamo Februari 2004, kanuni zilizopewa jina la Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, John Michuki, zilianza kutekelezwa. Zililazimisha magari ya abiria kuwa na mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo visivyozidi kilomita 80 kwa saa. Mwaka 2018, usafiri wa mabasi usiku ulipigwa marufuku kwa muda kufuatia ajali mbaya za msimu wa Desemba, kisha marufuku hiyo ikaondolewa mwaka huo huo.

Sheria husaidia, lakini haiwezi kumfunga dereva mkono saa nane za usiku pale Taru. Abiria ndiye aliye karibu naye. Ana haki ya kuuliza kabla ya kukata tikiti kama basi lina dereva wa pili, na ana haki ya kupaza sauti gari linapokwenda mbio. Kunyamaza kwa heshima ndani ya gari linalokimbia si adabu.

Apande nini?

Turudi kwa yule jamaa aliyepigiwa simu saa kumi na mbili asubuhi.

Akipata nafasi kwenye ndege ya saa nne asubuhi, atatua Mombasa saa tano na kufika nyumbani karibu saa sita mchana. Ataoga, atashiriki dua na kumsindikiza mzazi wake. Hata ndege ikichelewa saa mbili, bado atawahi.

Akipata tikiti ya garimoshi la asubuhi, ambalo huondoka saa mbili hivi, itambidi awe Syokimau kufikia saa moja. Atashuka Miritini karibu saa nane mchana na kufika mjini kabla ya saa tisa. Atawahi, ila bila nafasi ya kupoteza.

Akipanda basi la saa moja asubuhi, mambo yakienda vyema atakuwa Mariakani saa tisa alasiri, mizani na foleni zikiwa mbele yake. Swala ikimkuta Changamwe, hatawahi. Gari lake binafsi litampa nafuu kidogo, lakini hapo ndipo hatari ilipo: mtu mwenye majonzi, asiyelala vyema, akitazama saa kila baada ya dakika tano, akiwa nyuma ya lori. Asiendeshe mwenyewe. Amtafute mtu mwenye moyo mtulivu, au awapigie jamaa zake awaeleze ukweli mapema, wapate kuamua kama watamsubiri.

Kwa muhtasari, muda wa kutoka nyumba hadi nyumba siku ya kawaida ni huu:

Ndege: saa nne unusu hadi tano.

Garimoshi: saa saba unusu hadi nane na nusu.

Gari dogo: saa saba hadi nane.

Basi: saa tisa hadi kumi na moja, ukihesabu kwenda kituoni na kusubiri.

Msimu wa sikukuu au mvua, ongeza saa mbili kwa njia ya barabara na usiahidi mtu yeyote kitu. Mwenye miadi isiyoweza kuahirishwa, kama vile mahakama au mahojiano ya asubuhi, ni heri afike siku moja kabla na kulala huko. Gharama ya kitanda kimoja ni ndogo kuliko ya kazi iliyokosekana.

Waswahili wana methali mbili zinazohusu jambo hili, na kila msafiri huchagua moja kulingana na alivyoamka. Chelewachelewa, utakuta mwana si wako, husema ya kwanza, nayo inamfaa aliye bado nyumbani: aamke mapema, akate tikiti mapema, aondoke mapema. Lakini gari likishang'oa nanga na Athi River ikabaki nyuma, ifuatwe ile ya pili, yenye maneno mawili tu: kawia ufike.